Leseni ya Dereva wa Biashara Inapovuka Mpaka

*Mazungumzo ya afisa wa usalama barabarani na madereva, wenye magari, wafanyabiashara na wakazi wa mpaka wa Mutukula, katika kikao cha polisi na wananchi*

Saa moja ya lori lililosimama ni hasara kwa mtu fulani aliyeko hapa. Kwa hiyo nitaingia moja kwa moja katika jambo tuliloitiana.

Jambo lenyewe ni leseni ya udereva wa biashara. Sizungumzi juu ya asiyekuwa na leseni, maana huyo anajua anachokikimbia. Nazungumza juu ya yule aliye na leseni halali kabisa, aliyoihangaikia na kuilipia, lakini ambayo upande mmoja wa lango letu husomeka hivi, na upande wa pili husomeka vile. Mtu huyu hudhani tatizo lake ni askari mkorofi. Mara nyingine ni kweli, na nitafika huko. Lakini mara nyingi zaidi tatizo ni herufi moja iliyoandikwa kwenye kadi, ambayo serikali mbili jirani zimeipa maana mbili.

Mpaka huu mnaujua kuliko mimi. Mstari wake ulipigwa kwa rula, kwenye digrii 1 kusini mwa Ikweta, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi mwaka 1890, na aliyeupiga hakuuliza shamba la nani linaishia wapi. Hata leo yuko mama aliyezaliwa Missenyi akaolewa Kyotera, na yuko mzee anayelala Uganda na kulima Tanzania. Magari nayo yamefuata mwenendo wa watu. Lori laweza kuwa na namba za Uganda, likabeba maharagwe ya mfanyabiashara wa Bunazi, likaendeshwa na kijana wa Kyaka aliyejifunzia udereva Bukoba. Hakuna hapa anayeliona hilo kuwa ni ajabu. Sheria ndiyo inayopata tabu kulielewa.

Tazameni jinsi lori lenyewe lilivyokwisha kurahisishiwa njia. Uzito wake wa juu kabisa pamoja na mzigo ni tani 56, hapa na Tanzania na Kenya, kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria moja ya kudhibiti uzito wa magari. Mzigo wake umo katika Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza mwaka 2014. Bima yake ya kuvukia ni Kadi ya Njano, ambayo Tanzania imo ndani yake ijapokuwa ilijitoa katika COMESA mwaka 2000. Nyaraka zake hukaguliwa katika Kituo cha Pamoja hapa Mutukula, kilichozinduliwa na marais wetu wawili tarehe 9 Novemba 2017, ambapo maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja. Lori, mzigo na bima vimekwisha kufunguliwa mlango. Aliyebaki nje ni mtu aliyeshika usukani. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unazitaka nchi wanachama katika ibara ya 90 zioanishe sheria zao za barabarani. Kazi hiyo imeendelea, na upo hata mtaala wa pamoja wa kuwafundishia madereva wa magari makubwa ya biashara. Hata hivyo, kadi zilizomo mifukoni mwenu leo bado zinaandikwa kwa namna ya kila nchi peke yake, na askari wa usiku barabarani husoma kadi, hasomi mkataba.

Naomba sasa kila mwenye leseni aitoe aishike mkononi, kwani nitakayoyasema yanaeleweka zaidi kwa macho kuliko kwa masikio.

Anzeni na herufi C. Kwetu Uganda, C ni mzigo. Mwenye CM ameruhusiwa kuendesha lori la kadiri, na mwenye CH lori zito. Kenya nako C ni mzigo: C1 ni lori dogo, C ni lori la kadiri, na CE ni lenye tela. Sasa vukeni lango hili mwingie Tanzania. Huko C ni abiria. Daraja la C lenyewe ni la basi la abiria 30 au zaidi. C1 ni la abiria 15 hadi wasiofika 30, yaani yale mabasi madogo mnayoyaita Kosta. C2 ni la abiria kuanzia 4 hadi wasiofika 15. C3 ni la abiria wachache kuliko hao, yaani teksi ya kawaida. Lori zito la Tanzania, pamoja na tela lake, limo katika daraja la E, na aliye na E haruhusiwi kubeba abiria kwa malipo. Gari jepesi la biashara liko katika D. Lakini D kwetu ndiyo ya abiria: DL kwa gari dogo, DM kwa la kadiri, DH kwa basi kubwa. Kenya vilevile, D1 mpaka D3 ni vyombo vya abiria, kuanzia matatu ya watu 14 hadi basi kubwa.

Ukitaka kujua asili ya mkanganyiko huu, mkataba wa kimataifa wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani uliweka utaratibu ambao nchi nyingi zimeufuata au kuukaribia: A ni pikipiki, B ni gari dogo, C ni mzigo, D ni abiria, na E ni tela. Uganda na Kenya zinakaribia utaratibu huo, kila moja kwa vionjo vyake. Hata Rwanda, inayoendesha upande wa kulia, ina C ya lori na D ya basi. Tanzania ilipanga madaraja yake kwa njia nyingine. Sisemi kwamba imekosea. Mpango wake una mantiki yake, na katika jambo moja ni mkali kuliko wetu, maana hauruhusu mtu kurukia basi kubwa: lazima kwanza akae katika daraja la chini kwa muda usiopungua miaka 3. Nasema tu kwamba mtu akishika leseni ya jirani na kuisoma kama anavyoisoma ya kwao, atasoma kinyume.

Na kusoma kinyume kuna pande mbili. Upande wa kwanza huwaumiza waaminifu. Chukulieni dereva wa Tanzania ambaye ameendesha matela kwa miaka mingi. Leseni yake ina E, haina C. Anakuja upande huu kuomba kazi, na mwenye lori anaitazama kadi, anaiona haina C, anamrudishia akisema, "Wewe, bwana, huna leseni ya lori." Amempoteza dereva bora aliyeweza kumpata. Au mwenzake wa Uganda mwenye CH anasimamishwa baada ya Kyaka na askari asiyewahi kuiona CH. Askari huyo anatafuta E na haioni, na lori linakaa kando ya barabara mpaka jioni huku ndizi zinaiva.

Upande wa pili ni mbaya zaidi, nao ndio ulionifanya nikubali kusimama mbele yenu. Tuseme kijana ana C3 ya Tanzania. Amefaulu mtihani wa kuendesha teksi, na hilo ni la haki yake. Anakuja kwa mfanyabiashara wa huku anayetafuta dereva wa Fuso msimu wa mahindi. Mfanyabiashara anaona C. Kwake yeye C ni lori. Hatazami ile 3, au akiitazama anaiona kuwa ni cheo cha juu. Funguo zinatolewa. Hakuna aliyesema uongo, hakuna karatasi ya kughushi, lakini tani kadhaa za mahindi zimekabidhiwa kwa mtu ambaye hakuna mkaguzi hata mmoja aliyewahi kumwona akirudisha lori nyuma. Geuzeni mfano huo mwende Busia. Mkenya mwenye C1, aliyepimwa kwa lori dogo, akienda kutafuta riziki Tanzania, kadi yake kwa jicho la huko ni ya kuendesha Kosta yenye abiria 29. Fikirieni ni nani waliomo ndani ya Kosta hiyo asubuhi ya siku ya shule.

Vijana wa bodaboda msicheke, na ninyi mmo. Chombo chenu ni mtoto wa mpaka. Jina lake lilizaliwa Busia, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu na mizigo kutoka boda hadi boda, na leo limeenea mpaka mahali pasipokuwa na boda yoyote. Kwetu Uganda pikipiki ni A. Kenya imezigawa: A1 ni kijipikipiki kisichozidi sentimita za ujazo 50, A2 ni pikipiki ya mtu binafsi, na anayebeba abiria au vifurushi kwa malipo anatakiwa awe na A3. Tanzania nayo ina A3, lakini huko A3 ndiyo kile kijipikipiki kisichozidi 50. Pikipiki isiyozidi 125 iko katika A1, inayozidi hapo iko katika A, na bajaji iko katika A2. Kwa hiyo A3 ya Kenya ni ya mtu wa kazi, na A3 ya Tanzania ni ya kwenda dukani. Herufi ile ile, tarakimu ile ile.

Tena leseni hizi hazitoki katika mkono mmoja, na hilo lina maana kwa anayetaka kuhakikisha. Tanzania, mkaguzi wa magari wa polisi ndiye anayempima dereva, halafu Mamlaka ya Mapato ndiyo inayotoa kadi, ambayo tangu mwaka 2019 hudumu miaka 5. Kenya, kupima na kutoa leseni ni kazi ya mamlaka moja ya usafiri na usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kwetu, mkaguzi wa magari wa polisi hupima, na kadi hutolewa chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, kwa muda wa mwaka 1, miaka 3 au 5, kadiri mwombaji anavyolipia. Matokeo yake ni kwamba ukimpigia simu polisi wa jirani kuuliza kama leseni fulani ni ya kweli, huenda anayejua si polisi.

Kisha yapo yale yasiyoandikwa kwenye kadi kabisa. Kenya, dereva na kondakta wa gari la abiria huhitaji beji, ambayo hufanywa upya kila mwaka, na haipatikani bila cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa wapelelezi wa makosa ya jinai. Tanzania, mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, huwathibitisha madereva wa magari ya biashara kwa mtihani wake yenyewe, juu ya leseni waliyokwisha kuwa nayo. Kwa hiyo dereva wa basi anayesema "leseni yangu iko sawa" huenda anasema kweli, na bado hajakamilika. Naongeza hapo kosa dogo ambalo nalisikia kila wiki. Ile leseni ya kubebea abiria iliyobandikwa kwenye kioo ni ya gari, si ya mtu. Haimfanyi aliyekaa kwenye usukani kuwa dereva wa abiria, kama vile leseni ya duka isivyomfanya aliyesimama kaunta kuwa mfamasia.

Sasa mzee mmoja ataniuliza, na ana haki ya kuuliza: "Afande, haya yote ni maneno ya karatasi. Kijana anajua kuendesha. Hasara iko wapi?" Hasara, mzee wangu, huonekana siku ya ajali, na huanzia kwenye bima. Bima za magari kwa kawaida huweka sharti kwamba anayeendesha awe na leseni inayomruhusu kuendesha gari la aina hiyo. Siku mambo yanapokuwa mazuri hakuna anayelisoma sharti hilo. Siku lori linapoingia kwenye kibanda cha muuza chapati, mtathmini wa bima hulisoma kabla hajalitazama lori. Akikuta daraja halilingani, kampuni huweza kukataa kulipa gharama ya gari, na ikilazimika kumlipa aliyeumizwa, huweza kumgeukia mwenye gari imdai fedha hizo. Kadi ya Njano haitibu jambo hili. Kazi yake ni kuivusha bima mpaka. Haimpi dereva daraja ambalo hana.

Hapo wanaoumia ni wengi. Mwenye lori alilikopea benki, na sasa ana deni bila lori. Dereva, hata akiwa hakuwa na makosa katika ajali yenyewe, anasimama mahakamani na shitaka la pili ambalo hawezi kulikana. Na muuza chapati, ambaye hakuajiri mtu na hajui C ni nini wala E ni nini, anazungushwa kati ya nchi mbili akitafuta nani amlipe matibabu: gari ni la huku, dereva ni wa kule, bima imejitoa. Nikisema tuzisome kadi kwa makini, huyo ndiye ninayemfikiria kuliko wote.

Nije kwenye jambo ambalo wengi mnalijua na hamlisemi mbele ya polisi: leseni mbili. Wapo madereva wa mpakani waliojitatulia tatizo hili kwa kuwa na kadi ya Uganda mfuko wa kushoto na ya Tanzania mfuko wa kulia. Wanaliona kama kuwa na laini mbili za simu. Nawaombeni mliangalie vizuri zaidi. Leseni ya Uganda hufungwa na namba ya kitambulisho cha taifa cha Uganda, na ya Tanzania hufungwa na namba ya NIDA. Mwananchi wa nchi moja aliyejipatia kitambulisho cha taifa cha nchi ya pili ili apate kadi hajafanya jambo la barabarani tena. Amegusa uraia. Uganda inaruhusu uraia wa nchi mbili kwa aliyefuata utaratibu na kusajiliwa. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa raia wake na wa nchi nyingine kwa pamoja. Kijana anayetaka tu kuendesha Fuso huenda akajikuta anaulizwa maswali na uhamiaji ambayo baba yake na babu yake hawakuwahi kuulizwa, na jibu likawagusa ndugu zake wote waliojiandikisha kwa jina hilo. Isitoshe, kadi ya pili ina kishawishi chake: nchi moja ikimfungia dereva kwa ulevi, anatoa ile nyingine na kuendelea kuendesha. Sisi tuliovaa sare tunaona hivyo, na hata aliyekuwa na nia njema anahesabiwa pamoja na hao.

Njia iliyonyooka ipo, ingawa ni ndefu. Mgeni anayeishi nchini kihalali anaweza kuomba leseni yake ya kwao igeuzwe kuwa ya nchi anayoishi, kwa kitambulisho chake cha kweli na hati zake za ukazi. Atapoteza siku kadhaa na nauli ya kwenda mjini. Atakapotoka atakuwa na kadi moja inayosomwa bila tafsiri na kila askari wa nchi hiyo.

Tofautisheni pia watu wawili. Yuko dereva anayevuka na gari la kwao, ameshika mzigo, anaupeleka na kurudi. Huyo ni msafiri wa biashara, na leseni yake ya nyumbani ndiyo inayopaswa kuzungumza kwa niaba yake. Na yuko aliyevuka kwa miguu akaajiriwa upande wa pili aendeshe gari la upande huo mwezi baada ya mwezi. Huyo ni mfanyakazi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inamfungulia njia ya kufanya kazi, lakini bado anapaswa kupita mlango wa uhamiaji na wa leseni wa nchi inayomlipa mshahara. Wenye magari wengi hapa huwachukulia wa aina ya pili kana kwamba ni wa aina ya kwanza, kwa sababu wote wawili wanazungumza lugha moja na wanakunywa chai katika kibanda kimoja.

Kwa anayesafiri, nina shauri lililozaliwa barabarani. Chukua pamoja na kadi yako kile cheti ulichopewa ulipofaulu, kinachotaja kwa maneno kamili aina ya gari ulilopimiwa. Herufi hubishaniwa, lakini maneno "lori lenye tela" hayabishaniwi kirahisi. Kama kazi yako inakupeleka mbali zaidi ya nchi hizi mbili, tafuta kibali cha kimataifa cha kuendesha, kile kijitabu chenye madaraja yaliyoelezwa kwa lugha kadhaa. Kibali hicho ni tafsiri ya leseni yako, hakichukui nafasi yake. Ukikionyesha bila kadi ya nyumbani umeonyesha tafsiri ya kitabu usichokuwa nacho.

Na mkienda mbali hivyo, mkumbuke jambo ambalo leseni haiulizi. Uganda, Kenya na Tanzania tunaendesha kushoto. Ukivuka Rusumo au Katuna kuingia Rwanda, au Mpondwe kuingia Kongo, au Elegu kuingia Sudan Kusini, barabara inahamia kulia. Hakuna mtihani uliopewa kwa hilo. Mtu aliyeendesha kushoto kwa miaka 20 anabadilika ndani ya mita mia chache, mara nyingi usiku, akiwa amechoka kwa kungoja foleni ya forodha. Madereva wazee huniambia kwamba hatari kubwa si pale mpakani, kwani pale kila mtu yuko macho. Hatari iko kesho yake alfajiri, anapowasha gari kutoka kwenye maegesho, barabara ikiwa tupu, na mkono ukafuata mazoea ya zamani. Aliye na utingo amwambie akae macho saa hiyo.

Nimeahidi kusema juu ya askari mkorofi. Malalamiko yenu tunayo: kwamba leseni ya jirani huchukuliwa kama fursa, kwamba dereva huambiwa "hii haijulikani hapa," kisha mazungumzo yakahamia kwenye mfuko wake. Nawaelezeni utaratibu ulivyo ili mjue unapovunjwa. Hapa Uganda, faini ya papo kwa papo huandikwa kwenye hati na hulipwa benki, haipokelewi na askari. Tanzania vilevile, unapewa hati yenye namba ya malipo, na fedha zinakwenda serikalini kwa namba hiyo. Mkononi mwa askari haiingii hata shilingi. Askari akisema leseni yako haikuruhusu, mwombe kwa heshima aandike kosa na daraja alilolitaka. Ukishaandikiwa, una karatasi ya kumwonyesha mkuu wake. Ukikataliwa karatasi, shika namba ya askari, mahali na saa, uilete kituoni siku hiyo hiyo. Ninyi wa upande wa Tanzania mnaweza kuileta hapa Kituo cha Pamoja, ambako maafisa wetu na wenu wako mlango kwa mlango. Lalamiko lenye saa na mahali hufanyiwa kazi. Lile la "trafiki wenu wanatusumbua" linatuhuzunisha tu.

Kwenu wenye magari nina ombi mahususi. Kabla ya kutoa funguo, pigeni picha ya leseni mbele na nyuma. Kama ni ya nchi jirani, ileteni kwetu, au ipelekeni kwa wenzetu wa upande wa pili, muulize: mtu huyu ameruhusiwa kuendesha gari gani? Ulizeni gari, msiulize herufi. Halafu mpelekeeni wakala wenu wa bima picha hiyo, mpate jibu lake kwa maandishi kwamba amemkubali dereva huyo kwa gari hilo. Jibu hilo halina gharama, na wakala asiyetaka kuliandika amekwisha kuwajibu. Wanaobeba petroli na dizeli waongeze swali la pili juu ya mafunzo ya mizigo ya hatari, kwa sababu leseni ya lori zito peke yake haimfundishi mtu namna ya kusimama kando ya tangi linalovuja.

Akina mama wanaokodi gari kwa pamoja kwenda mnadani, nanyi ni wenye neno. Mkikodi lori la mzigo mkapanda juu ya magunia, hata dereva awe na madaraja yote ya nchi tatu, hamumo ndani ya leseni ya gari hilo wala ndani ya bima yake. Najua nauli ya lori ni nafuu na basi halifiki mnadani. Tumelipeleka jambo hilo kwa viongozi wa wilaya zote mbili. Mpaka lipatiwe ufumbuzi, magunia yatangulie na lori, nanyi mfuate kwa gari la abiria.

Wenzangu wawili wamekaa na meza pale chini ya mwembe, mmoja wetu na mmoja wa Tanzania, wakiwa na chati ya madaraja ya nchi tatu. Aliye na leseni asiyokuwa na hakika nayo aende aisome pamoja nao. Hawataandika jina la mtu wala hawatachukua kadi ya mtu. Mimi nabaki hapa kujibu maswali, na naona mzee wa chama cha wenye malori amekwisha kunyanyua mkono tangu nilipotaja bima. Karibu, mzee.